Kaburi la Bwana Manowari: nilivyomtafuta babu yangu, ofisa wa jeshi la majini, migodini Geita

Wakuu, salamu kwenu mlioko kazini na mliojifunika shuka mkiwa na simu.

Leo naleta kisa cha nyumbani kwangu mwenyewe, sijakiokota kwa jirani. Kila nitakachoandika nimekiona kwa macho yangu au nimeambiwa na aliyekiona. Wale wataalamu wa kusema "hii chai", leteni vikombe kabisa, sukari ninayo.

Majina nimebadilisha. Wahusika wengine wapo hai na mmoja wao ni mkali.

Mimi nipo Runzewe, fundi wa pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Duara likikauka hakuna anayenijua. Likijaa maji, watu wanakaa juu wameshika tama, ndipo namba yangu inatafutwa. Jina langu la mtaani ni Mzungu Pampu.

Hilo la mzungu si utani mtupu. Mama yangu ni chotara. Baba yake alikuwa Mwingereza, ofisa wa jeshi la majini la kwao, aliyekuja huku baada ya vita ya pili ya dunia kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa enzi zile kule Geita. Bibi yangu, Minza, alikuwa Msukuma wa Songwa. Mama akazaliwa miaka ya hamsini mwanzoni.

Jina halisi la huyo babu naomba libaki kwangu. Watu walimwita Manowari kwa sababu alikuwa hachoki kuwasimulia habari za meli za vita. Na mimi nitamwita hivyo.

Sasa nyumbani kwetu Manowari alikuwa hatajwi.

Bibi aliolewa tena, na mwanamke akishaingia mji mwingine hamtaji mume wa kwanza mbele ya mume wa pili. Ni adabu. Bibi yangu adabu yake ilipitiliza, maana hata huyo mume wa pili alipofariki, yeye akaendelea kunyamaza. Jina la baba yake Mama alilipata mara moja tu, Bibi akiwa kitandani anaumwa ugonjwa wake wa mwisho. Alilitaja, pamoja na lile la utani na neno Geita, akaomba maji, akageukia ukutani.

Na mnajua binadamu. Usipowaambia habari watajitungia. Kwetu ikatungwa hii: mzungu alikula raha zake, kazi ilipoisha akarudi kwao kwa mke wake, akamwacha Minza na mtoto.

Bingwa wa hiyo habari alikuwa Mjomba Luhende wa Nyahanga, pale Kahama. Yeye ni mtoto wa Bibi kwa yule mume wa pili. Ni mdogo kwa Mama, Manowari hajawahi kumwona hata kivuli, lakini ukimsikiliza utadhani ndiye aliyembebea sanduku siku anaondoka.

"Dada, baba yako ni yule aliyekulea," alikuwa anamwambia. "Yule mwingine alikuacha kama ndama barabarani."

Simlaumu sana. Alikuwa anamtetea baba yake, na kweli yule mzee alimlea Mama vizuri. Ila neno likirudiwa miaka na miaka linageuka kuwa kama ukweli. Mama hakuwahi kubishana naye. Alikuwa anainuka anaenda jikoni.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nianze kutafuta.

Mama alilazwa kwa presha. Alipotoka, familia tukakaa kikao, na Mjomba akaleta hoja ya kuwekea uzio makaburi ya ukoo wao. Kwa nia njema kabisa mtu mmoja akamuuliza Mama: na wewe mama yetu, Mungu akupe maisha marefu, ungependa siku yako ikifika ulazwe wapi?

Mama akajibu kama mtu anayeagiza chai.

"Popote penye nafasi. Mtu aliyeachwa na baba yake hana kwao."

Kikao kikaendelea. Mimi nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tenki la maji, nikalia. Mwanaume mwenye ndevu. Nikasema huyu mama hatakufa na hilo neno kifuani nikiwa hai.

Lakini wakuu, niliogopa pia. Je, kama nikitafuta nikakuta ni kweli alikimbia? Nitamwambia nini?

Kiingereza changu ni cha majina ya vipuri. Mke wangu, Mama Kulwa, ni mwalimu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika usukani. Kuna mitandao ambako familia za mabaharia wa zamani wa huko Uingereza wanaulizana habari za wazee wao. Mke wangu akaandika jina, akaandika Tanganyika, akaandika Geita, tukasubiri.

Tukasubiri mpaka tukasahau. Ndipo siku moja akajibu mwanamke anaitwa Helen. Babu yake Helen na Manowari walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Helen akatuambia alichokuwa nacho. Manowari wakati wa vita alikuwa ofisa kwenye meli ndogo za kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini. Moja lilipuka karibu yao, na tangu hapo akawa hasikii vizuri sikio moja. Vita ilipoisha akaacha jeshi, akasema anataka kuishi mbali na bahari. Akaja Tanganyika kusimamia mitambo ya kuvuta maji mgodini.

Hapo kwenye kuvuta maji nilimwambia mke wangu arudie kusoma.

Kisha ikafika taarifa kwao kutoka mgodini kwamba amefariki kwa homa na amezikwa huko huko. Basi. Mama yake alikufa akiamini mwanawe alifia porini peke yake, hana mke, hana mtoto, hana wa kumfumba macho.

Huku tunaambiwa aliwakimbia watu wake, kule wanaambiwa hakuwa na watu. Mke wangu alipomwandikia kwamba ana binti, yupo hai, ana watoto na wajukuu, Helen alijibu kesho yake, akaomba picha.

Tukatuma. Naye akatutumia ya Manowari akiwa na sare, kofia imelala upande kidogo, anazuia kucheka. Wakuu, ile pua ni ya Mama. Na yale masikio ninayo mimi, nimechekwa kwa ajili yake tangu shule ya msingi.

Mama aliishika simu muda mrefu. Akasema, "Kumbe alikuwa kijana hivi? Mimi ni mkubwa kuliko baba yangu." Akaifuta kioo kwa kanga, akanirudishia.

Nikampigia Mjomba nikiwa na furaha ya mshindi. Nikamwambia Manowari hakurudi kwao, amefia huku huku!

Mjomba akasema, "Kufia huku si hoja. Alifia mkononi mwa nani? Mtu anaweza kukukimbia akahamia mtaa wa pili. Kama alishawarudia wazungu wenzake, si amekuacha vile vile?"

Akanikamata hapo. Mkali, lakini akili anayo. Nikaelewa kwamba jibu liko kaburini. Tukijua amezikwa wapi na nani, tutajua alikuwa wa nani.

Nikaenda Geita. Kuuliza uliza nikaelekezwa mlimani, karibu na mgodi wa zamani, kwenye makaburi ya wazungu. Yamemezwa na miiba, mengine yamepasuka. Nikazunguka na panga. Na kaburi moja, wakuu, lilikuwa limechorwa nanga kwenye sementi.

Nanga! Mwanamaji, mzungu, Geita, nanga. Mtu anataka nini tena? Maandishi yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweusi, sikuhangaika nayo. Nilipiga simu nyumbani nikipayuka.

Jumamosi yake nikampakia Mama na mke wangu kwenye pikapu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani na alikuwa na maua ya kutoka kwenye kopo lake la barazani. Nilimshika mkono mpaka pale. Akatazama lile kaburi, akatazama yale mengine yaliyolizunguka.

"Kwa hiyo alikuwa na wenzake," akasema.

Akaweka maua. Hakulia. Tulipokaribia nyumbani akasema taratibu kabisa, "Luhende alikuwa sahihi. Usimkasirikie tena mjomba wako."

Jamani. Nilitafuta dawa nikaleta sumu.

Nikaona basi, angalau nilitengeneze lile kaburi, lisikae limepasuka. Nikarudi peke yangu na mfuko wa saruji, mchanga na brashi ya chuma. Nikaanza kusugua yale maandishi.

Herufi zikatokea moja moja. Jina la mwanamke. Chini yake: mke mpendwa wa fulani.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu. Familia nzima tumevaa, tumepanda mlima, tumemwombea na kumwekea maua mke wa mtu! Baadaye Helen alituambia makaburi mengi ya Wakristo wa zamani kwao yana nanga, ni alama ya tumaini, hata la bibi yake linayo, na bibi mwenyewe alikuwa anachukia bahari. Na mimi ni Mkristo wa kila Jumapili, hiyo nanga ya tumaini nimehubiriwa tangu utoto. Ila porini akili yangu iliishia kwenye meli.

Saruji nilikuwa nimeshaipandisha, na yule mama wa watu hakuwa na kosa. Nikaamua kumtengenezea. Nilihitaji maji, nikateremka na madumu mpaka kaya ya karibu.

Uwanjani nikamkuta bibi mmoja anabangua karanga. Nitamwita Bibi Kabula. Jicho moja lina mtoto wa jicho, lile lingine linakuona mpaka nia yako.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ng'wanone. Maji ya nini huko mlimani? Kuna mtu anayechimba tena?"

Ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma. Nikamweleza. Nikamwambia nilikuwa namtafuta mzungu mmoja wa zamani, Bwana Manowari, nikakosea kaburi.

Mikono ikasimama kwenye karanga.

"Manowari unamtafuta makaburini?"

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka mkwe wake akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Wewe ni Msukuma wa wapi? Makaburini wanazikwa wageni! Mwenye mji anazikwa zizini."

Wasiojua mila zetu niwaeleze kidogo. Zamani kwa Wasukuma, mwanaume mwenye mji wake, maana yake kaya yake, mke, watoto na ng'ombe, akifa alizikwa ndani ya zizi la ng'ombe wake. Hawekewi msalaba wala jiwe. Ng'ombe wanapita juu yake wakitoka na kuingia, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mgeni, mpita njia, mtu asiye na mji, huyo ndiye wa kutafutiwa pengine. Babu zangu wote wa Songwa walizikwa hivyo na nilikuwa najua. Lakini kwa kuwa huyu ni mzungu, nilienda moja kwa moja kumtafuta kwenye msalaba.

Nikaweka madumu chini. Nikamwambia mimi ni nani. Akanisogelea, akanitazama masikio kwa lile jicho zima.

"Mjukuu wa Minza," akasema. "Yule mtoto yupo?"

"Yupo, bibi. Ni mama yangu. Nieleze, tafadhali."

Akakataa. Akasema habari za msiba hazipewi mtu wa katikati, mlete mwenye baba yake. Nilibembeleza, nikajaribu na ujanja wa fundi, wapi. Akarudi kwenye karanga zake. Nikachota maji, nikamaliza kaburi la yule mama, nikaondoka kwa mwendo ambao trafiki wasingeupenda.

Mama akagoma. "Makaburi nimechoka, baba. Niache." Nikamwambia hatuendi makaburini, tunaenda kwa bibi mmoja anayesema anakujua. Akakubali shingo upande, na hakuvaa kitenge cha kanisani safari hii.

Bibi Kabula alikuwa anatusubiri amesimama. Hakutukaribisha ndani. Alimshika Mama mkono, wazee wawili hao, wakaenda nyuma ya nyumba mpaka kwenye duara la minyaa mizee, ile minyaa tunayopanda kuzungushia mji, imekuwa miti kabisa. Ndani yake udongo ni mweusi tii, wa samadi ya miaka. Pamepandwa maboga makubwa ya kutisha. Katikati pameachwa wazi, pamefagiliwa.

"Mayu," akamwambia, yaani mama, "baba yako yupo hapa. Huu ulikuwa mji wake."

Mama akavua viatu.

Wakakaa chini pale pale, na Bibi Kabula akaanza kusimulia. Wakati huo wa miaka ya hamsini yeye alikuwa binti mdogo, na baba yake, Jilala, ndiye aliyekuwa jirani na rafiki wa Manowari.

Alisema Manowari alifanya kazi mgodini, lakini hakuishi kwenye nyumba za mgodi. Alijenga hapa. Alipeleka ng'ombe Songwa kwa baba yake Minza kama mwanaume mwingine yeyote, na Jilala ndiye aliyewaswaga. Kisukuma alikiongea vibaya mno, watu walikuwa wanakuja kumsikiliza kwa starehe. Kila asubuhi alifagia uwanja mwenyewe, mwanaume mzima, Minza anaona aibu. Aliwafundisha fundo la kufungia ndama, halikazi shingoni hata mnyama avute vipi, na mpaka leo kwenye mji ule hakuna fundo lingine. Nilienda kuliangalia. Linaitwa hivyo hivyo, fundo la Manowari.

"Na wewe," akamwambia Mama, "ulikuwa hushuki begani kwake. Anaenda kisimani na wewe, anaenda kuangalia ng'ombe na wewe. Ulikuwa unamshika masikio haya," akanionyesha mimi, "kama usukani."

Kisha homa ikaja, wakati wa masika. Gari la mgodi lilikuja na daktari, wakampa dawa, wakataka kumhamisha, akakataa kuondoka. Alifia kitandani kwake, Minza amempakata kichwa.

Asubuhi wazungu wa mgodini wakaja na sanduku, kwa heshima zote, wamchukue wakamzike mlimani na wenzake. Jilala akasimama kwenye mlango wa minyaa. Akawaambia mwenye mji hatolewi mjini kwake. Wakajadiliana mpaka jua likawa kali. Mwishoni mkubwa wao akamtazama Minza pale chini, akavua kofia, akasema basi.

Wakachinja dume lake jeusi, wakamshonea kwenye ngozi. Kaburi likachimbwa. Na hapo, Bibi Kabula akasema, wazee wakakwama.

Maana kwetu maiti inaelekezwa kule ukoo wake ulikotoka. Na huyu ukoo wake umetoka wapi? Mmoja anasema Ulaya ni mawio, maana wazungu walikuja kutoka pwani. Mwingine anasema ni kule kwenye ziwa. Hakuna aliyejua, na maiti inasubiri.

Ndipo Jilala akamwendea yule mkubwa wa mgodini, akamuuliza: kwao ni upande gani?

"Akatoa mfukoni kitu kama saa," Bibi Kabula alisema. "Akakitazama, akakigeuza geuza, halafu akanyoosha mkono. Kule." Naye akanyoosha wa kwake, kaskazini, kidogo magharibi, juu ya paa la choo. "Halafu akakitazama tena. Nadhani na yeye ndiyo mara ya kwanza kuulizwa kwao."

Wakamlaza ameelekea huko.

Mke wangu akapiga simu ya video kwa Helen. Mtandao ulikuwa wa kuokoteza, ikabidi asimame juu ya pikapu ameinua simu kama anaomba mvua. Helen alipoona maboga na ndama anakatiza alishtuka kidogo, uso ulionyesha. Mke wangu akamweleza yote taratibu, mpaka kwenye kuelekezwa.

Helen akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akasema kitu, na mke wangu akakawia kututafsiria kwa sababu na yeye machozi yalikuwa yamemjaa.

"Anasema mabaharia kwao pia wanashonewa kwenye turubai wakifia baharini. Anauliza, kwa hiyo mlimgeuzia nyumbani?"

"Mwambie ndiyo," Bibi Kabula akasema. "Mwambie asingelala vizuri."

Simu ikakatika, mtandao umeisha. Nikamwangalia Mama. Alikuwa anachezea udongo kwa vidole. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo sana, sijawahi kuisikia kwake.

"Sasa mbona tuliondoka?"

Bibi Kabula akamjibu kwamba Minza alikuwa mjane kijana na Manowari hakuwa na ndugu huku wa kumtunza, kwa hiyo watu wa Songwa walikuja kumchukua binti yao. Waliondoka baada ya kumaliza msiba. Jilala akaliunganisha zizi na la kwake ili ng'ombe waendelee kupita juu ya rafiki yake.

"Na wewe ulinyolewa hapa hapa mlangoni," akaendelea. Akatufunulia mdomo, akatuonyesha pengo, moja kati ya mengi. "Shangazi yangu ndiye aliyeshika wembe, mimi nikakushika. Ulirusha kichwa, ukaning'oa jino hili."

Kwetu wafiwa hunyolewa nywele. Mama alikuwa hajui kama alinyolewa. Angejuaje, alikuwa hata hajaanza kuongea vizuri.

"Mtoto aliyeachwa hanyolewi, mayu," Bibi Kabula akasema. "Ananyolewa aliyefiwa."

Wakuu, Mama alilia. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, alilia kwa sauti kama mtoto mchanga, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Nami nililia, mke wangu akalia juu ya pikapu, mkwe wa Bibi Kabula akalia na wala hajui vizuri sisi ni nani.

Alipotulia akafungua kilemba.

"Ile mara ya kwanza siikumbuki," akasema. "Ninyoeni tena."

Mikono ya Bibi Kabula haiwezi tena wembe. Mke wangu ndiye aliyenyoa, pale pale kwenye udongo mweusi, na Bibi Kabula akakaa nyuma akamshika kichwa. Mama hakukirusha. Nywele zake ni laini, nyeupe zote sasa, upepo ukawa unazichukua kidogo kidogo kwenye maboga.

Tulipoondoka tulipewa boga. Mke wangu alilipakata njia nzima hajui alile au aliombee. Tulilila, na lilikuwa tamu.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Usiwanyamazie watoto wako ukidhani unawakinga. Bibi yangu alinyamaza kwa adabu, na adabu yake ikamfanya binti yake aishi miaka yote hiyo kama mtu aliyetupwa, kumbe alikuwa mtu aliyefiwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Aliyefiwa anapewa pole. Aliyetupwa anapewa majina.

La pili, ukimtafuta mtu wako anza kuuliza walioishi naye walikuwa wanazikaje, usianze na ulichokizoea wewe. Ningemuuliza mzee yeyote wa Kisukuma nisingepanda ule mlima.

Uwanja ni wenu sasa. Mwenye mzee aliyepotelea migodini enzi zile aseme, pengine humu yupo anayejua mji wake. Na wenye kejeli pia waje, nimezoea, nina masikio makubwa.

Ila kabla hamjaanza, nimalizie na Mjomba.

Jumapili iliyofuata alikuja Runzewe. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, hana kilemba, kichwa kinang'aa. Mjomba akasimama getini, kofia kichwani, uso umebadilika. Mtu akimwona dada yake amenyolewa, kwetu, swali ni moja tu.

"Dada," akasema. "Kafariki nani?"

Mama akaweka ungo chini.

"Baba yangu."

Nilidhani Mjomba ataanza yale yake. Nilikuwa nimeshajiandaa na maneno, nimesimama mlangoni kama bondia. Lakini alimtazama Mama usoni muda, kisha akavua kofia, akaja akapiga goti mbele yake, mzee mzima na magoti yake mabovu, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, dada yangu," akasema. "Pole kwa msiba."

Mama akamwangalia mdogo wake.

"Asante, Luhende," akajibu. "Nimeshapoa."